Mabuu Kwenye Mizizi ya Mjane

Jumapili iliyopita tulimwacha Nibia Olivera ameinama juu ya pipa namba moja, kifuniko kimefunguka nusu, na harufu imemwahi usoni kabla ya macho kuona chochote. Nyie mlioniandikia kuuliza kulikuwa na nini mle ndani, haya, kaeni mkao wa kusikia. Ila kama mnakula, malizeni kwanza. Msije mkanilaumu.

Mle ndani kulikuwa na mizizi.

Mmea unaolelewa kwa maji matupu, bila udongo, mizizi yake huwa myeupe kama tambi. Wiki tatu zilizopita mizizi ya Mjane, mmea wa pipa hili, ilikuwa hivyo. Sasa ilikuwa ya kahawia, imeshikana kama nywele zilizoziba tundu la bafuni, na Nibia alipoinyanyua kwa vidole viwili ikatoa utelezi mzito mithili ya kamasi. Ilinuka maji ya kuoshea samaki yaliyosahauliwa juani.

Halafu utelezi ukasogea wenyewe.

"Mungu wangu weee," Nibia alisema.

Mabuu! Mamia kwa mamia. Meupe, membamba kama uzi, kila moja lina kakichwa keusi. Yalipanda na kushuka katikati ya kokoto za udongo wa kuchoma zilizoushika mmea, yakatafuna vijizizi vidogo, yakateleza, yakarudi tena kwenye karamu. Moja lilimdondokea Nibia kwenye kifundo cha mkono, likaanza safari ya kuelekea ndani ya mkono wa shati.

Alilipangusa kwenye aproni. Akaona haitoshi, akaivua aproni yenyewe akaitupa. Mwanamke huyu alifanya kazi miaka kumi na minane kwenye mabanda ya nyanya kule Salto, ameponda viwavi kwa vidole kisha akala mkate. Siku hiyo alikimbilia sinki akatapika mpaka nyongo.

Kwa mgeni aliyetufikia leo, mambo ni haya. Nyumba hii ya mtaa wa Sayago, hapa Montevideo, ilikuwa kiwanda cha mikate. Sasa ni klabu ya watu thelathini na watano walioruhusiwa na sheria kulima bangi yao wenyewe ndani ya nyumba na kugawana mavuno. Wengine wana baridi yabisi, wengine hawalali, wengine wanaipenda tu na hawaombi radhi kwa mtu. Nibia ndiye mlezi wa mimea.

Mimea ni sitini na moja. Sitini ni watoto. Mmoja ni mama yao, ndiye huyo Mjane, na wengine wote waliota kwa mbegu zake, zilizochanganyika na damu nyingine. Aliyemzalisha ni Wilmar, kaka yake Nibia, zamani kabla sheria haijabadilika. Kwa ajili ya huyo Mjane alikula miaka minne ya jela. Alitoka na tumbo bovu na maneno machache, akampata Mjane yungali hai kwa dada yake, nyuma ya kabati la nguo. Hakuna mwingine kama yeye duniani. Akifa huyu, Wilmar hana tena cha kuonyesha kwamba miaka ile minne ilikuwa ya kitu.

Sasa mnaelewa kwa nini Nibia alinawa uso na kurudi kwenye pipa.

"Nilijua," sauti ilisema mlangoni.

Alikuwa Dardo Etchegaray, mwenyekiti. Daktari wa meno mstaafu, koti jeupe limepigwa pasi, mikono inanukia sabuni hata akitoka kula soseji. Alichungulia pipani, akarudi nyuma hatua mbili na leso puani.

"Uchafu gani huu, Nibia?"

"Mabuu ya visubi, daktari. Vile vijinzi vyeusi tulivyoviona kwenye kadi za gundi."

"Uliniambia vijinzi viwili vitatu."

"Na wewe uliniambia majani yanapauka kwa njaa! Ukaniamuru niongeze chakula mara mbili. Tazama!" Alishika jani moja la Mjane. Lilikuwa la manjano katikati, kingo zimekauka na kujikunja kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. "Hii si njaa. Chakula chako kimemuunguza. Mizizi ilikuwa inaliwa, haikuweza kunywa, na sisi tukazidi kumshindilia."

"Usinifundishe."

"Nani akufundishe, mzee wa meno."

Dardo alikunja leso yake mara nne, taratibu. Mtu akikunja leso hivyo, ujue ameshaamua.

"Maji ya pipa hili yanapita kwa wengine wote sitini," alisema. "Kesho wanachama wote wako hapa kwa nyama ya kuchoma. Tutapiga kura. Huyu ang'olewe, atiwe motoni."

"Nipe angalau vikonyo vya juu nikavioteshe upya. Ncha nne tano. Ugonjwa uko chini, huko juu bado ni mzima."

"Hakuna kikonyo kitakachotoka kwenye pipa lenye wadudu. Kanuni niliiandika mimi. Juzijuzi tu tuliletewa utitiri kwa kikonyo kimoja cha huruma, watu wakakaa msimu mzima wa baridi bila dawa. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Utitiri ule ulitanda nyavu juu ya maua kama buibui juu ya dari la nyumba iliyohamwa, na bibi mmoja wa klabu alilia kwa maumivu ya viungo mpaka Septemba.

"Basi nikuonyeshe walikoingilia," Nibia alisema. "Wadudu hawazaliwi na hewa. Nikikuonyesha mlango wao, tukauziba, utaweka kura ya pili mezani: siku kumi za matibabu."

Dardo alirudisha leso mfukoni.

"Una mpaka kesho mchana. Na nawa mikono, tafadhali."

Nibia hakulala sana, lakini habari za usingizi wake hazituhusu. Kinachotuhusu ni viazi.

Alikata viazi vibichi vipande vipande, akalaza kipande kimoja juu ya kokoto za kila mmea. Ujanja huo aliupata Salto. Buu likinusa kiazi husahau mzizi, hupanda juu kula, na ukigeuza kipande unawahesabu wageni wako mmoja mmoja.

Asubuhi ya Jumapili, wakati uani watu wanawasha kuni na kusugua chumvi kwenye mbavu, yeye alikuwa akigeuza viazi.

Mmea wa pili: mabuu matatu. Wa tano: mawili. Wa kumi na tisa: hamna kitu. Wa arobaini: moja, tena limelala kama mlevi.

Akafika kwa Mjane. Kipande cha kiazi kilikuwa kinatikisika.

Sitanii. Kilikuwa kinatikisika pale juu ya kokoto, chenyewe, bila mkono wa mtu. Alikigeuza kwa kijiko. Upande wa chini haukuonekana kiazi hata kidogo, ulikuwa mkeka mweupe unaojipinda na kujikunjua.

"Kwa hiyo mlango ni hapa," alijiambia. "Si dirishani. Si bombani. Hapa hapa kwake."

Akachimba kwa kijiko kati ya kokoto. Sentimita moja, kavu. Mbili, majimaji. Ya tatu kijiko kikazama kwenye kitu laini.

Kilitoka kibonge cha kijani kibichi kilichoiva kuwa cheusi, kimeota manyoya ya ukungu meupe na ya buluu, kinachuruzika. Ndani yake mabuu yalijaa kuliko mchele sufuriani. Kilinuka uchachu, na chini ya uchachu ule, harufu moja ambayo hakuna mtu wa nchi hii asiyeijua.

Yerba!

Yerba, yale majani ya kinywaji chetu cha kibuyuni, iliyokwisha kunywewa na kukung'utwa. Na si mara moja, ilikuwa tabaka juu ya tabaka.

Haya, wasomaji wangu, tuambizane ukweli. Nani kati yetu hajawahi kukung'uta kibuyu chake kwenye shina la waridi la mama yake? Tumelelewa hivyo, na waridi hushukuru. Lakini waridi lina udongo, lina minyoo, lina mvua ya kuliosha. Kwenye pipa la maji, chini ya taa za joto saa kumi na nane kwa siku, yerba iliyolowa ni kitanda cha kujifungulia visubi. Ndiyo maana mlangoni palibandikwa karatasi yenye herufi kubwa kama za kampeni: KIBUYU KIBAKI NJE.

Na ni nani asiyetii karatasi? Nibia alikuwa na jina mdomoni.

"Zulma!"

Zulma Bentancor, mweka hazina, alikuja mbio kutoka uani, chupa ya maji moto kwapani na kibuyu mkononi kama kawaida yake. Mwanamke huyu angeweza kuingia nacho kanisani, hata chumba cha upasuaji.

"Nini tena? Nyama inaungua."

"Uliingia humu na kibuyu?"

"Mara moja. Mbili. Nani anahesabu?"

"Na ukakimwaga hapa!" Nibia alimsogezea kijiko mpaka puani.

Zulma alipiga ukelele, akaruka nyuma akagonga feni. "Toa! Toa lidudu hilo! Ptuu! Una wazimu?"

"Yerba ya nani hii?"

Zulma alijikaza. Alinyoosha shingo, akatazama kwa jicho moja, lile jingine amelifumba. Halafu sura yake ikageuka kutoka kwenye hofu hadi kwenye hasira ya mtu aliyetukanwa.

"Hebu tazama vizuri kabla hujanitia najisi. Ina vijiti hiyo."

Nibia akatazama. Kweli. Katikati ya ukungu na utelezi kulikuwa na vijiti vidogo, virefu kama kucha.

"Mimi ninywe yerba ya vijiti?" Zulma aliinua kibuyu chake, ndani yake unga wa majani mtupu, laini, wa kijani. "Bora uniite mwizi. Vijiti wanakunywa ng'ambo ya mto, Waargentina, au wagonjwa wa tumbo ambao daktari amewakataza..."

Sentensi haikufika mwisho.

Wakatazamana. Chumbani palisikika pampu tu, na feni iliyogongwa ikikwaruza.

"Nibia," Zulma alisema kwa sauti ya chini, "nani hapa mwenye tumbo?"

"Nyamaza."

"Mimi sijasema kitu."

"Basi endelea kutosema."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na hawakuongeza kwamba huenda kinakupenda.

Saa tano kamili mlango ukafunguliwa polepole, kama ulivyofunguliwa kila siku saa tano kamili. Wilmar Olivera, miaka sitini na minne, sweta la kijivu, kibuyu kimefichwa chini ya sweta kama mtoto aliyeiba embe. Alimsalimu Zulma kwa kichwa. Hakumsalimu dada yake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mjane akalishika jani lake la manjano kwa nyuma ya vidole, kama mtu anayepima homa.

"Leo amechoka kuliko jana," alisema.

"Kaka."

"Lakini atainuka. Nimemwongezea."

"Umemwongezea nini?"

Wilmar alitabasamu kwa aibu. Lile tabasamu, Nibia alitamani dunia imsamehe asilione.

"Ile ya mama. Unakumbuka hortensia zake? Uani, karibu na kisima? Kila jioni kibuyu kwenye shina, na maua yake yalikuwa makubwa kuliko kichwa changu. Hizo chupa za daktari mimi siziamini, mdogo wangu. Chakula cha chupa hakina baraka."

"Tangu lini, kaka?"

"Zamani ilikuwa moja moja, siku za sikukuu. Majani yalipoanza kupauka, nikasema huyu anahitaji nguvu. Sasa kila siku. Jana mara mbili."

Zulma aligeukia ukuta.

Kadiri Mjane alivyougua ndivyo alivyolishwa. Na kadiri alivyolishwa ndivyo alivyougua. Mkono wenye kijiko Nibia aliupeleka nyuma ya mgongo, ila alichelewa, maana mtu aliyekaa jela huona mikono ya watu kabla ya nyuso zao.

"Umeshika nini?"

"Takataka tu."

"Nionyeshe."

"Kaka, twende uani, nyama iko tayari, Zulma ameniambia..."

"Nibia. Nionyeshe."

Alimwonyesha.

Wilmar alikitazama kibonge kile muda mrefu. Buu moja lilijivuta mpaka ukingoni mwa kijiko, likaning'inia, likadondoka kwenye kiatu chake. Hakulipangusa. Alitazama kijiko, akatazama kibuyu chake mwenyewe, akatazama mizizi iliyokuwa ikining'inia pipani kama utumbo.

"Vijiti," alisema.

Basi. Aliweka kibuyu sakafuni taratibu, akatoka.

"Yasijulikane," Nibia alimwambia Zulma, akimshika mkono kwa nguvu. "Nitasema ni mimi. Nilisahau kibuyu, nilimwaga mimi. Watanitukana, yataisha."

"Wewe hunywi hata yerba, mama. Inakupa kiungulia. Watu wote wanajua."

"Nitasema nimeanza."

Saa saba mchana watu thelathini na watano walikuwa wameketi uani, vidole vina mafuta, mbwa wa jirani anasubiri chini ya meza. Dardo alisimama akagonga glasi kwa kisu.

Alieleza vizuri mno. Alieleza utelezi, alieleza harufu, alieleza vichwa vyeusi vya mabuu mpaka mama mmoja akasukuma sahani yake mbali na kijana mmoja aliyekuja na gitaa lake akaacha kutafuna, akameza kwa shida.

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza," Dardo alimalizia. "Mlezi wetu aliahidi kutuonyesha walikoingilia. Nibia?"

Nibia alisimama na ndoo yenye kile kibonge, kimefunikwa kwa kitambaa.

"Ni yerba," alisema. "Ilimwagwa kwenye kokoto. Ikaoza. Visubi wakataga humo. Aliyeimwaga..." Aliitua ndoo chini. "Aliyeimwaga ni mimi."

Kicheko kilitoka kona ya mbali. "Wewe? Wewe unayekunywa maziwa?"

"Nimesema ni mimi!"

"Kaa chini, mdogo wangu."

Wilmar alikuwa amesimama karibu na moto. Hajawahi kuzungumza kwenye mkutano tangu klabu ianze, miaka sita. Hata kijana wa gitaa aliweka uma chini.

"Ni mimi," alisema. "Nilimpa yerba. Kila siku. Nilidhani nampa nguvu." Alifuta mdomo kwa mkono ingawa hakuwa amekula. "Hakuna mdudu mwingine humu. Mdudu ni mimi."

Yule bibi wa maumivu ya viungo alianza kulia kwa sauti ndogo, akaombwa anyamaze, akakataa. Hata Dardo alitazama viatu vyake.

Ahadi ni deni, na mwenyekiti aliitimiza. Waliotaka siku kumi za matibabu wanyooshe mikono. Nibia alinyoosha, Zulma alinyoosha, yule bibi alinyoosha mikono yote miwili, mmoja ukashushwa. Kumi na saba.

Waliotaka Mjane akatwe leo leo. Dardo wa kwanza. Wengine walinyoosha huku wanatazama pembeni, kama watu wanaolipa nauli ya mtu wasiyempenda. Kumi na saba.

"Thelathini na nne," Zulma alisema. "Mmoja hajapiga."

Vichwa vyote viligeuka kwenye moto.

"Hapana," Nibia alisema. "Yeye msimuulize. Hamna haya? Yeye msimuulize!"

"Ni mwanachama," Dardo alijibu kwa upole. "Ana haki."

Wilmar alitazama mlango wa chumba cha mimea. Ulikuwa umefungwa, na mwanga wa zambarau wa taa ulichungulia kwa chini.

"Humo ndani kuna mimea sitini ya watu," alisema.

"Wewe usiseme hivyo, kaka. Siku kumi tu. Nitayaosha maji, nitabadili kokoto zote, nitalala humo humo..."

"Mimi najua kungoja siku, Nibia. Najua zinavyokuwa." Alimtazama yule bibi wa baridi yabisi, vidole vyake vilivyopinda. "Huyu mama alikosa dawa baridi nzima. Sitaki akose tena kwa ajili ya mti wangu."

Akanyoosha mkono. Kumi na nane.

Nibia hakusikia kelele zilizofuata. Aliona tu watu wakimzunguka kaka yake, wengine wanampiga bega, wengine wanamkumbatia, na yeye amesimama katikati yao, mikono imelegea.

Kanuni inasema mlezi ndiye anayekata. Wilmar alimwendea dada yake akamshika kidevu.

"Kata wewe. Mkono wangu hautanitii. Mimi nitakaa hapa mpaka uniambie tayari."

"Nisamehe, kaka."

"Kata chini kabisa. Mara moja. Asione."

Alikwenda jikoni kuchukua mkasi wa mimea. Msumari wa kuutundikia ulikuwa mtupu. Alitafuta droo mbili, akatafuta chini ya sinki. Hamna. Akafuta machozi, akaingia ukumbini, akashika kitasa cha chumba cha mimea.

Kilikataa. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani.

Nani yuko ndani? Watu wote wako uani! Alijaribu kukumbuka nyuso zilizomzunguka Wilmar. Akakumbuka uso mmoja ambao haukuwepo.

Mlango ule una kioo kidogo cha mviringo, tangu enzi za mikate. Nibia alisimama kwa ncha za vidole akachungulia.

Dardo.

Alikuwa amepiga goti mbele ya Mjane, glovu za mpira mikononi, koti jeupe limefungwa vifungo vyote. Mkasi uliopotea alikuwa nao yeye. Alichagua ncha ya juu, iliyo kijani bado, akaikata kwa mshazari, sawasawa kabisa, akaifuta ncha ya mkasi kwa spiriti, akachagua nyingine. Kila kikonyo alikizungushia karatasi yenye maji na kukichomeka ndani ya chupa ya chai. Vinne tayari.

Yule yule aliyesema hakuna kikonyo kitakachotoka! Yule yule aliyewatapisha watu kwa maneno ili wanyooshe mikono!

Nibia aligonga kioo kwa ukucha.

Dardo aliinua macho. Hakushtuka, ama alishtuka akamezea. Alisogea mpaka mlangoni akazungumza kwa upande wa pili, kinywa karibu na tundu la ufunguo.

"Usipige kelele."

"Mwizi wewe."

"Fikiri kwanza, halafu unitukane. Ukipiga kelele watakuja wote. Watanipokonya vikonyo hivi na watavitupa kwenye makaa mbele ya kaka yako, kwa sababu kura ndivyo ilivyosema. Afiwe mara ya pili kwa siku moja. Ataweza?"

Nibia alikishika kitasa tena.

"Ukinyamaza, Mjane ataishi. Nina chumba Maldonado. Kisafi, maji masafi, hakuna mtu anayeingia na kibuyu."

"Ataishi kwako."

"Kwangu. Lakini ataishi."

"Ulitaka akatwe ili awe wako peke yako."

"Nilitaka asiuawe na mapenzi ya wajinga," Dardo alisema. "Chagua, bibie. Taa zinanichoma mgongo."

Pumzi yake ilipita kwenye tundu la ufunguo, ya joto, inanukia dawa ya meno na mafuta ya nyama. Nibia alirudisha uso nyuma. Kinyaa kilimpanda, na kibaya zaidi, hakikuwa cha Dardo peke yake. Alijiona mwenyewe pale kwenye kioo, amesimama kwa ncha za vidole, amenyamaza. Alikuwa amenyamaza kwa muda gani? Sekunde tano? Kumi? Kila sekunde ilikuwa jibu.

"Nibia?" Wilmar aliita kutoka mlango wa uani. "Tayari?"

Nyuma ya kioo, Dardo alisimamisha mkasi hewani akamtazama.

Nibia aliupa mlango mgongo.

"Bado, kaka," alisema. "Kaa huko huko. Usije."

Mkasi ukalia tena ndani, kikonyo cha tano. Lakini miguu ya Wilmar ilikuwa imeshaingia ukumbini, na ilikuwa inakuja.